Sifuri Nne

Al Khoudh, saa saba usiku. Kiyoyozi nimekizima
nipate kusikia.
Daftari langu la nukta nundu liko mapajani,
vitufe sita na kile kirefu cha nafasi,
nalo lasema, kwa sauti ya mwanamke asiyechoka:
"Hakuna printa."

Ipo, mama. Hatua nne kutoka hapa,
juu ya meza ya cherehani, nzito kama gunia la sukari.
Nimeigusa sasa hivi, ina vumbi mabegani.
"Hakuna printa."

Mchana nilimpigia Mundhiri wa duka la vifaa, Ghala.
"Dada, itazame taa ya buluu.
Inakonyeza, au imetulia?"
Nikaiwekea kiganja.
Nikamwambia: Mundhiri, buluu yako haina joto.
Akanyamaza. Akacheka kwa haya.
Akasema zima, washa.

Nimezima, nimewasha.
Nimezima vyote viwili, nikahesabu mpaka thelathini
kama mtoto kwenye mchezo wa kibe,
na vilipotoka mafichoni
havikujuana.

Chumba cha pili amelala mtoto wa kaka,
mwenye macho mawili mazima.
Jina lake Yaqdhani, maana yake: aliye macho.
Anakoroma.
Simwamshi. Yeye kesho ana shule, mimi nina kiburi.

Nitakacho ni ukurasa mmoja tu,
mkate wa kumimina, kama alivyonisomea mama kwenye simu,
nimpelekee Zamzamu, Ibra.
Tulikaa dawati moja, yeye na mimi,
tukifundishwa nukta za Kiarabu,
na kengele ya mapumziko ikilia
tunaziiba nukta zilezile
tukaandikie umbea wa Kiswahili.

Haya. Naingia kwenye orodha, mstari kwa mstari chini ya kidole.
Vifaa vinavyokumbukwa:
spika ya Yaqdhani;
gari la kaka, aliloliuza;
simu yangu ya zamani, ilikufa maji siku wadi ilipojaa;
televisheni ya jirani, hata sijui aliingia kwa mlango gani.
Wamejaa humu kama wageni wa arusi
waliosahau kwao.
Nafuta. Nafuta. Jirani, niwie radhi, nafuta.

Kisha nainuka, hatua nne,
nakibonyeza kitufe cha kulisha karatasi, sikiachi,
mpaka mashine ilie:
mlio mfupi, mfupi, halafu mmoja mrefu.
Kumbe hii ndiyo buluu!
Ilikuwa ikisema siku zote, mimi naambiwa nitazame.

"Namba ya siri?"
Moja mbili tatu nne: hapana.
Mwaka niliozaliwa: hapana, na afadhali.
Sifuri, sifuri, sifuri,
naisita kidogo ya mwisho,
sifuri.

"Imeunganishwa."

Ilikohoa, ikavuta karatasi kwa meno,
halafu ta-ta-ta-ta-ta, meza inatembea,
vijiko jikoni vinajibu,
jirani anagonga ukuta (yule yule, wa televisheni),
na Yaqdhani yuko mlangoni, ametimiza jina lake.
Kitufe cha taa kikalia ta.
"Shangazi, mbona umekaa gizani?"
Niwashie kiyoyozi, mwanangu, nimelowa jasho.

Karatasi bado ina joto. Hii ndiyo yenye joto.
Nasoma:
*Mchele wa bishori, vikombe viwili.*
Narudi nyuma. Bishori.
*Bima tui kikombe kimoja.*
*Ukiiva bembeni, utoe.*

Nimesahau jedwali, liko kwenye Kiarabu,
na Kiarabu hakina pe,
basi mashine imepokea Kiswahili cha mama
na kukitamka kama muuza vitambaa wa Matrah.

Naweza kubadilisha. Najua ni menyu gani, ya tatu, chini kabisa.
Lakini jirani bado anagonga,
nami ukurasa nimeshaukunja mara mbili,
polepole, nukta zisilale.
Zamzamu ausome hivi hivi.
Aanze kulowanisha bishori yake.